Mwanamfalme Rupert: jemadari wa farasi aliyekuwa pia mchoraji, mhunzi na mtu wa maabara

Mpenzi wa Historia ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasoma habari za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, vile vilivyoanza mwaka 1642 kati ya Mfalme Charles I na Bunge, na karibu katika kila sura ninakutana na Rupert, mpwa wa mfalme, ambaye alikabidhiwa wapanda farasi wote wa upande wa kifalme akiwa na umri wa miaka 22 tu. Waandishi wa vita humweleza kama kijana shujaa lakini mwenye pupa. Pale Edgehill, tarehe 23 Oktoba 1642, aliivunja safu ya wapanda farasi waliomkabili kwa shambulio moja, kisha watu wake wakaendelea kuwafukuza waliokimbia hadi kwenye mizigo ya adui huko Kineton, huku askari wa miguu wa mfalme wakibaki uwanjani bila kinga. Pale Naseby, tarehe 14 Juni 1645, jambo lilelile likajirudia, na safari hiyo mfalme akapoteza jeshi lake kuu.

Kinachonitatiza ni kwamba jina hilohilo linatokea mahali ambapo sikulitarajia kabisa. Nikisoma habari za uchapaji wa picha kwa sahani za shaba, Rupert yupo. Nikisoma habari za kioo, yupo. Yupo katika hesabu za maumbo, katika uyeyushaji wa metali, na hata kwenye ramani za zamani za Kanada, ambako eneo kubwa kupindukia liliitwa kwa jina lake. Kazi za namna hiyo zinadai subira, mkono mtulivu na macho yanayoweza kukaa juu ya kitu kimoja kwa saa nyingi, na hizo si sifa za mtu anayeshindwa kuwazuia farasi wake.

Je, tuseme alikuwa na tabia mbili zisizopatana, au tuseme wanaoandika habari za vita wamemsoma nusu tu? Ningefurahi kupata maelezo kutoka kwa wenye kuyajua maisha yake kwa upana.

Mwalimu wa Historia amejibu:

Ndugu muulizaji, mimi ninaamini kwa dhati kwamba amesomwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoieleza ile nyingine.

Tuanze na nyumba aliyotoka. Rupert alizaliwa Prague mnamo Desemba 1619, wakati baba yake, Frederick, mtawala wa jimbo la Kijerumani la Palatinate, alipokuwa ndiyo kwanza ametawazwa kuwa mfalme wa Bohemia. Mama yake, Elizabeth Stuart, alikuwa dada wa Charles I. Ufalme huo haukudumu. Tarehe 8 Novemba 1620 jeshi la Frederick lilishindwa kwenye Mlima Mweupe, nje kidogo ya Prague, na familia ikatoroka kwa haraka kiasi kwamba mtoto huyo nusura aachwe ndani ya kasri. Inasimuliwa kwamba alirushwa ndani ya gari la mwisho likiwa tayari kuondoka. Akakulia The Hague, katika nyumba ya watu waliokuwa na vyeo vikubwa na fedha kidogo, lakini elimu haikupungua. Dada yake Elisabeth aliandikiana barua na mwanafalsafa Descartes na kumbana kwa maswali magumu juu ya uhusiano wa nafsi na mwili. Dada mwingine, Louise Hollandine, akawa mchoraji wa kweli, mwanafunzi wa Gerard van Honthorst. Kwa hiyo katika nyumba ile kushika kalamu ya kuchorea au kitabu cha hesabu halikuwa jambo la ajabu kwa mtoto yeyote, awe wa kike au wa kiume.

Vita navyo alivijua mapema. Alikuwapo kwenye kuzingirwa kwa mji wa Rheinberg mwaka 1633 akiwa bado mvulana, na kwa mji wa Breda mwaka 1637. Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wakae kidogo, kwa sababu vita vya Waholanzi vya wakati ule havikuwa vita vya kukimbiza farasi uwandani. Vilikuwa vita vya mahandaki, kuta, mizinga, vipimo vya pembe na hesabu za baruti. Kijana aliyejifunzia hapo alijifunza kwamba ngome huangushwa na mtu anayejua kupima.

Mnamo Oktoba 1638 alitekwa kwenye mapigano ya Vlotho, Ujerumani, akawekwa kifungoni Linz, Austria, hadi mwaka 1641. Alishawishiwa abadili madhehebu na kuwa Mkatoliki, akakataa. Siku zake za kifungo alizitumia kusoma na kuchora, na inasimuliwa kwamba alishughulikia chombo cha kuchorea vitu kwa vipimo sahihi, ambacho wazo lake lilianzia kwa Albrecht Dürer. Wakati huohuo ndipo alipopewa yule mbwa wake mweupe, Boy, ambaye baadaye vijikaratasi vya upande wa Bunge vilimzulia kuwa ni shetani aliyejigeuza, na ambaye aliuawa kwenye pigano la Marston Moor tarehe 2 Julai 1644.

Sasa tumtazame akiwa Uingereza, lakini si Edgehill. Tumtazame Lichfield, Aprili 1643. Wanajeshi wa Bunge walikuwa wamejifungia ndani ya uzio wa kanisa kuu, wakilindwa na kuta nene na handaki la maji. Rupert aliwakusanya wachimba makaa ya mawe wa maeneo ya jirani, akakausha handaki, akachimbisha njia chini ya ukuta na kuijaza baruti. Ilipolipuka, hilo likawa bomu la chini ya ardhi la kwanza kutumiwa vitani katika nchi ya Uingereza. Aliyeifanya kazi ile ni Rupert yuleyule anayesemwa kuwa hajui kusubiri.

Kuhusu Edgehill, nisingependa kumtetea kupita kiasi. Alishindwa kuwarudisha watu wake, na matokeo yake yalikuwa mabaya. Lakini wapanda farasi wake walikuwa mabwana na vijana wa kujitolea, wasio na mafunzo ya kutosha ya kukusanyika upya baada ya shambulio, na kosa hilo lilimpata karibu kila kamanda wa farasi wa zama zile. Kujikusanya upya ni nidhamu inayofunzwa kwa miezi mingi, na ni Oliver Cromwell, kamanda wa upande wa Bunge, aliyeipa nidhamu hiyo uzito kuliko wote.

Jambo linalonigusa zaidi ni Bristol. Aliutwaa mji huo mwaka 1643 na kuusalimisha mwaka 1645, baada ya jeshi la Bunge chini ya Fairfax kuingia sehemu za kuta zake. Alikuwa amemwahidi mfalme kuushikilia kwa miezi minne. Alipoona kuta zilikuwa ndefu kuliko idadi ya watu aliokuwa nao, alipiga hesabu kama fundi, akakubali masharti, na kuokoa maisha ya waliobaki. Mjomba wake hakuisamehe hesabu hiyo. Alimvua madaraka yote na kumtaka atafute riziki ng'ambo, ingawa baadaye baraza la kijeshi lililoketi Newark lilimsafisha na tuhuma za usaliti na woga.

Kuhusu uchapaji, kuna hadithi inayorudiwa mara nyingi kwamba aliigundua mezotinti, namna ya kuchapa picha kwa sahani ya shaba, baada ya kumwona askari akikwaruza kutu kwenye bunduki yake. Hadithi hiyo tuiache, kwa sababu mwanzilishi anajulikana: ni Ludwig von Siegen, aliyechapa picha yake ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1642. Rupert aliujua ufundi huo alipokuwa Ujerumani katika miaka ya 1650 na kuuendeleza. Katika ufundi huo, sahani ya shaba hukwaruzwa yote kwa chuma chenye meno madogo kinachoyumbishwa huku na huko, mpaka uso wake uwe na vijinundu vingi vya kushika wino. Ukiichapa katika hali hiyo, utapata weusi mtupu. Kisha mchoraji hukwangua na kulainisha polepole pale anapotaka nuru. Picha huzaliwa kutoka gizani. Kazi yake kubwa katika ufundi huu, ile ya mnyongaji ameshika upanga na kichwa cha Yohana Mbatizaji, ni ya mwaka 1658, na mpaka leo wachapaji huisifu kwa jinsi vivuli vyake vilivyo laini. Sahani kama ile haichongwi na mtu mwenye pupa.

Fundi Kioo amejibu:

Ninamuunga mkono Mwalimu, nami niongeze yale ya kioo na hesabu, kwa kuwa ndiyo ninayoyapenda.

Yale matone ya kioo yanayobeba jina lake hayakubuniwa naye. Yalikuwa yakijulikana kaskazini mwa Ujerumani kabla hajawa mtu mzima. Alichofanya ni kuyaleta Uingereza mwaka 1660 na kumwonyesha Mfalme Charles II, binamu yake, ambaye mwaka uliofuata aliyapeleka Royal Society, chama cha wanasayansi kilichokuwa kimeanzishwa London, ili yachunguzwe. Tone hutengenezwa kwa kudondosha kioo kilichoyeyuka ndani ya maji baridi, nalo huganda likiwa na kichwa kinene na mkia mrefu mwembamba. Kichwa ukikiweka juu ya fuawe na kukigonga kwa nyundo, hakivunjiki. Lakini ukiukata mkia kwa vidole, tone zima, pamoja na kile kichwa kilichoishinda nyundo, hulipuka na kuwa unga kwa kufumba na kufumbua.

Sababu ni kwamba uso wa tone huganda kwanza, wakati kiini bado ni cha moto. Kiini kinapopoa baadaye hutaka kusinyaa, lakini kimeshikwa na gamba ambalo limeshakuwa gumu. Hivyo gamba hubaki limebanwa kwa nguvu kubwa, na kiini hubaki kimevutwa. Ufa hauwezi kupenya kwa urahisi katika uso uliobanwa, ila ukiingia ndani kupitia mkia hukimbia katika kiini kwa kasi inayokaribia mita 1,500 kwa sekunde na zaidi. Robert Hooke aliyaandikia matone haya mwaka 1665. Vipimo vya mkazo wa kichwa, hata hivyo, vilitolewa kwa usahihi mwaka 2017, vikaonyesha kwamba uso umebanwa kwa nguvu ya hadi megapaskali 700, yaani karibu mara 7,000 ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Kioo cha dirisha la pembeni la gari, kinachovunjika na kuwa vipande vidogovidogo visivyo na ncha kali, kinatumia kanuni hiyohiyo.

Kwa upande wa hesabu, John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, alisimulia mwaka 1693 kwamba Rupert ndiye aliyetoa hoja kwamba mchemraba unaweza kutobolewa tundu ambalo mchemraba mwingine wa ukubwa uleule utapita. Wengi wakisikia mara ya kwanza husema haiwezekani. Ushikeni mchemraba kiasi kwamba kona yake moja inawaelekea kabisa: mtaona kwamba umbo lake la nje ni la pande sita zilizo sawa, na ndani ya umbo hilo mraba wenye upande wa 1.035 unaenea, ukichukua upande wa mchemraba kuwa 1. Mholanzi Pieter Nieuwland aligundua baadaye kwamba tundu likielekezwa kwa pembe nyingine mchemraba unaopita unaweza kufikia upande wa 1.06. Kwa hiyo anayepita anaweza kuwa mkubwa kuliko anayepitwa! Swali hili halikuishia hapo, kwani wanahisabati wameendelea kuuliza ni maumbo gani mengine yana sifa hiyo, na ni mwaka 2025 tu ndipo lilipopatikana umbo la nyuso bapa, lisilo na mbonyeo, ambalo imethibitishwa kwamba halina.

Mtu asiyeweza kukiona kitu kikigeuka akilini mwake kabla hajakishika hawezi kutoa hoja kama hiyo. Ni jicho lilelile la mchoraji wa Linz na la mpimaji wa ngome.

Msomaji wa Pwani amejibu:

Nimewasoma wote wawili kwa makini, na nimejifunza mengi. Hata hivyo, naona kwamba udadisi wa Rupert hauwezi kuelezwa kikamilifu bila kufika Afrika, na huko haukuwa udadisi usio na gharama kwa wengine.

Baada ya kushindwa nchi kavu, Rupert aliongoza kikosi kidogo cha meli za kifalme kuanzia mwaka 1649, akitokea Kinsale, Ireland. Aliwindwa na amiri wa Bunge, Robert Blake, hadi Lisbon, akaingia Mediterania, kisha akaelekea Bahari ya Atlantiki. Mwaka 1651 meli yake kuu ilizama kwa dhoruba karibu na visiwa vya Azores pamoja na watu wengi waliokuwamo. Mwaka 1652 aliingia mto Gambia, akakamata meli za wafanyabiashara waliokuwa upande wa Bunge, na huko akasikia habari za dhahabu ya bara. Septemba mwaka huohuo ndugu yake Maurice, aliyekuwa naye tangu siku ya kwanza ya vita, alipotea na meli yake katika kimbunga karibu na Visiwa vya Virgin. Nadhani msiba huo ulimbadilisha kuliko kushindwa kokote, kwa sababu walikuwa wamepigana upande mmoja kwa miaka kumi ya vita.

Zile habari za dhahabu hakuzisahau. Ufalme uliporudishwa mwaka 1660, yeye na binamu yake James, Mtawala wa York na ndugu wa Charles II, walikuwa mstari wa mbele kuanzisha kampuni ya kifalme ya kufanya biashara na Afrika. Robert Holmes, aliyekuwa naye Gambia, alitumwa tena mwaka 1661 na kukiteka kisiwa kilicho mtoni ambacho leo kinaitwa Kunta Kinteh. Hati ya kwanza ya kampuni ililenga dhahabu, lakini hati mpya ya mwaka 1663 iliwataja watumwa waziwazi, na mwaka 1672 mahali pake pakachukuliwa na Royal African Company, iliyowavusha Waafrika waliotekwa kwenda ng'ambo ya Atlantiki kwa idadi kubwa kuliko taasisi nyingine yoyote moja katika historia ya biashara hiyo.

Vivyo hivyo na Kanada. Mwaka 1668 Rupert na wenzake waligharimia meli iliyoitwa Nonsuch kwenda Ghuba ya Hudson, kwa ushauri wa Wafaransa wawili, Radisson na Groseilliers, nayo ikarudi ikiwa na shehena ya ngozi za biva, mnyama wa mtoni, ambazo manyoya yake yalitengenezewa kofia. Tarehe 2 Mei 1670 mfalme akaipa Kampuni ya Ghuba ya Hudson haki juu ya nchi yote ambayo mito yake inamwaga maji katika ghuba hiyo, karibu kilomita za mraba milioni 3.9, na Rupert akawa gavana wake wa kwanza. Wakree, Wainuit na jamii nyingine waliokuwa wakiishi humo hawakuulizwa lolote. Hali ikabaki hivyo hadi mwaka 1870, nchi hiyo ilipohamishiwa Kanada kwa pauni 300,000 zilizolipwa kwa kampuni.

Kwa hiyo ninakubali kwamba alikuwa mtu mmoja na si wawili. Lakini macho yaliyopima ukuta wa Lichfield ndiyo yaliyopima mto Gambia, na anayemsifu kwa la kwanza ni haki amtaje kwa la pili.

Mpenzi wa Historia ameandika tena:

Ninawashukuru nyote, na hasa Msomaji wa Pwani, kwa kuwa upande huo wa Afrika sikuwa nimekutana nao katika vitabu vya vita hata kidogo. Ninaomba jambo moja la mwisho: aliishije baada ya kuacha vita vya nchi kavu, na je, ufundi wake uliwahi kurudi kazini katika jeshi?

Mwalimu wa Historia amejibu:

Kwanza niseme kwamba Msomaji wa Pwani ana haki kabisa, na maelezo yangu yalihitaji sehemu hiyo.

Ufundi wake ulirudi kazini, tena kwa namna iliyo wazi. Alipigana na Waholanzi baharini katika vita viwili, akiwapo Lowestoft mwaka 1665, kwenye Pigano la Siku Nne mwaka 1666, na akiwa kamanda mkuu wa meli za Waingereza kule Schooneveld na Texel mwaka 1673. Baada ya hapo akashika wadhifa wa juu katika usimamizi wa jeshi la majini hadi mwaka 1679. Mtu aliyekwisha kusimama kwenye sitaha katikati ya mizinga inayopasuka ana sababu ya kuifikiria metali. Mwaka 1668 alifanywa mlinzi mkuu wa kasri la Windsor, akaugeuza mnara wake wa duara kuwa makao yenye maabara na karakana, na huko alishughulika na baruti, chuma na mchanganyiko wa shaba na zinki wenye rangi ya dhahabu uliokuja kujulikana kwa cheo chake.

Kutokana na kazi hiyo ilitoka mizinga ya chuma ambayo, baada ya kumiminwa, ilipashwa moto tena na kuachwa ipoe taratibu ndani ya tanuri, kisha ikachongwa kwa mashine hadi ikawa laini. Kupoza taratibu huondoa mkazo uliojificha ndani ya chuma, na mzinga huwa hauna wepesi wa kupasuka mikononi mwa wanaoufyatua. Nadhani Fundi Kioo ameshaona ninakoelekea: mtu aliyeonyesha jinsi upozaji wa ghafla unavyoficha mlipuko ndani ya tone la kioo alitumia upozaji wa taratibu kuuondoa mlipuko ndani ya mzinga. Kwamba wazo la pili lilitokana na la kwanza, hilo ni dhana yangu mwenyewe, lakini elimu ya vitu hivyo viwili ni moja. Mizinga hiyo ilisifiwa kwa ubora, ila ilikuwa ghali mno kuliko ya kawaida, na jeshi la majini halikuendelea kuinunua.

Mwili wake ulikuwa umechoka. Risasi iliyompata kichwani mwaka 1647, alipokuwa akiwatumikia Wafaransa karibu na La Bassée, ilimsumbua miaka mingi, na mwaka 1667 ilibidi madaktari watoboe fuvu lake ili kuondoa uchafu uliokusanyika, upasuaji uliofanywa katika zama zisizo na dawa ya usingizi. Alipona, akaendelea kucheza tenisi, mchezo ambao watu wa London walimhesabu kuwa miongoni mwa mabingwa wake. Hakufunga ndoa iliyotambuliwa rasmi, lakini aliishi na Margaret Hughes, mmoja wa wanawake wa kwanza kuigiza jukwaani Uingereza, na kwa binti waliyemzaa, Ruperta, na kwa mama yake, ndiko ilikokwenda sehemu kubwa ya mali yake alipofariki London tarehe 29 Novemba 1682.